Hugh Hammond Bennett

Hugh Hammond Bennett (15 Aprili 1881 – 7 Julai 1960) alikuwa mtaalamu wa udongo kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa hifadhi ya udongo nchini humo na mkuu wa kwanza wa Idara ya Hifadhi ya Udongo, aliyoiongoza tangu mwaka 1935 hadi 1951.

Chini ya uongozi wake ulienea utaratibu wa kupanga matumizi ya ardhi ya shamba zima: sehemu inayofaa kulimwa ilimwe, sehemu dhaifu iachiwe nyasi za malisho, na miteremko mikali irudishiwe miti. Mpango huo ulitakiwa kukubaliwa kwanza na mkulima mwenyewe.

Maisha ya awali

Bennett alizaliwa karibu na mji wa Wadesboro katika Kaunti ya Anson, jimbo la Carolina Kaskazini. Familia yake ilikuwa na shamba kubwa la pamba. Eneo hilo ni la vilima, na udongo wake mwekundu ulikuwa umelimwa kwa miaka mingi. Alipokuwa mtoto alimsaidia baba yake kupima na kuchora matuta ya kuzuia maji ya mvua yasibebe udongo.

Mwaka 1897 alijiunga na Chuo Kikuu cha Carolina Kaskazini mjini Chapel Hill. Alikatisha masomo kwa muda ili kutafuta fedha, akafanya kazi katika duka la dawa, kisha akarudi chuoni. Alihitimu mwaka 1903 baada ya kusoma kemia na jiolojia. Mwaka huohuo aliajiriwa na Ofisi ya Udongo katika Wizara ya Kilimo ya Marekani kama mpima udongo. Kazi yake ilikuwa kutembea mashambani, kuchimba mashimo, kutambua aina za udongo na kuzichora kwenye ramani.

Uchunguzi wa Kaunti ya Louisa

Mwaka 1905 Bennett na mwenzake walitumwa katika Kaunti ya Louisa, jimbo la Virginia, kuchunguza kwa nini mavuno yalikuwa yakipungua. Huko waliona vipande viwili vya ardhi vilivyopakana. Vyote vilikuwa na mteremko uleule na mwamba uleule chini yake. Kimoja kilikuwa msitu: udongo wake ulikuwa tifutifu, wenye unyevu, na uliweza kuchimbwa kwa mkono. Kingine kilikuwa kimelimwa kwa muda mrefu, na udongo wake ulikuwa mfinyanzi mgumu usio na rutuba.

Bennett alitambua kwamba hapo awali vipande hivyo vilikuwa sawa. Katika shamba, kila mvua ilikuwa imeondoa tabaka jembamba la udongo wa juu bila kuacha makorongo, na ndiyo sababu wakulima hawakuuona upotevu huo. Tangu wakati huo alitofautisha mmomonyoko wa makorongo, unaoonekana na kila mtu, na mmomonyoko wa tabaka, unaoharibu eneo kubwa zaidi polepole.

Maoni hayo hayakupokelewa vizuri ofisini kwake. Mwaka 1909 Ofisi ya Udongo ilitoa chapisho lililodai kwamba udongo ni mali ya taifa isiyoweza kuharibika wala kwisha. Bennett alibaki katika ajira yake na kuendelea kukusanya ushahidi kwa karibu miaka 20. Alipima udongo katika majimbo mengi ya kusini, na pia alifanya kazi Alaska, Amerika ya Kati na Kuba.

Kampeni dhidi ya mmomonyoko

Mwaka 1928 Bennett, pamoja na W. R. Chapline wa Idara ya Misitu, alitoa chapisho dogo lililoueleza mmomonyoko wa udongo kuwa hatari kwa taifa zima. Lilisomwa na watu wengi. Mbunge James Buchanan wa Texas aliweka katika bajeti dola 160,000 kwa ajili ya utafiti wa mmomonyoko, na vituo vya majaribio vilianzishwa katika maeneo mbalimbali, vikiwemo Guthrie (Oklahoma), Temple (Texas), Statesville (Carolina Kaskazini) na La Crosse (Wisconsin).

Katika vituo hivyo watafiti walitenga vipande vidogo kwenye mteremko mmoja. Kimoja kilipandwa pamba au mahindi kila mwaka, kingine kilipandwa mazao kwa mzunguko, kingine kiliachiwa nyasi, na kwingine miti haikukatwa. Maji na udongo uliotoka katika kila kipande vilikusanywa chini ya mteremko na kupimwa. Matokeo yalionyesha kwamba nyasi na miti hushika udongo vizuri kuliko shamba linalolimwa zao moja mfululizo.

Mradi wa Coon Creek

Mwaka 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, serikali ya Rais Franklin D. Roosevelt ilitenga dola milioni 5 kwa ajili ya kuzuia mmomonyoko, kama sehemu ya mpango wa kuwapatia watu ajira. Wengine walitaka fedha zote zitumike kujenga matuta. Bennett alipinga. Alieleza kwamba tuta peke yake haliwezi kuokoa shamba ambalo halikufaa kulimwa tangu mwanzo, na kwamba ardhi iliyo juu ya shamba lazima ishughulikiwe pamoja na shamba lenyewe. Hoja yake ilikubaliwa, na Septemba 1933 alikabidhiwa uongozi wa ofisi mpya ya mmomonyoko wa udongo katika Wizara ya Mambo ya Ndani.

Mradi wa kwanza ulifanyika katika bonde la mto Coon Creek, jimbo la Wisconsin. Wakulima wa huko walikuwa wamelima kwa kufuata mistari iliyonyooka, kupanda na kushuka vilima, na ng'ombe walilishwa ndani ya misitu ya miteremko mikali. Miche ya miti ilikanyagwa na kuliwa, ardhi ikakauka na kuwa ngumu. Mvua iliponyesha, maji yalishuka kwa kasi, yakachimba makorongo mashambani na kusababisha mafuriko bondeni.

Wataalamu wa kilimo, misitu, mifugo na uhandisi walifanya kazi pamoja katika bonde lote. Kila shamba lilichorewa mpango wake. Mashamba ya vilimani yalipandwa kwa mistari inayokata mteremko, ukanda wa mahindi ukifuatiwa na ukanda wa majani ya mifugo. Misitu ya miteremko ilizungushiwa uzio ili ng'ombe wasiingie, na sehemu zilizo wazi zilipandwa miti. Mkulima alitia saini makubaliano ya miaka 5. Serikali ilitoa mbegu, miche, vifaa vya uzio na nguvukazi ya vijana waliokuwa katika kambi za ajira, naye mkulima aliahidi kufuata mpango. Wakulima zaidi ya 400 walijiunga.

Tafiti zilizofanywa miongo kadhaa baadaye zilionyesha kwamba mmomonyoko katika bonde hilo ulipungua sana ukilinganishwa na miaka ya 1930.

Dhoruba za vumbi na sheria ya 1935

Wakati huohuo ukame mkali ulikuwa umeikumba Tambarare Kuu katikati ya Marekani. Mbuga kubwa za nyasi zilikuwa zimegeuzwa kuwa mashamba ya ngano, na mvua ilipokosekana udongo uliokuwa wazi ulipeperushwa na upepo. Mwezi Mei 1934 vumbi lilifika hadi miji ya pwani ya mashariki. Maelfu ya familia zilihama mashamba yao.

Mapema mwaka 1935 Bennett aliitwa mbele ya kamati ya Seneti kueleza umuhimu wa kuwa na chombo cha kudumu cha hifadhi ya udongo. Inasimuliwa kwamba alikuwa na taarifa za wingu la vumbi lililokuwa likielekea Washington, naye akarefusha maelezo yake hadi anga la mji likawa giza na wajumbe wakaliona dirishani. Tarehe 27 Aprili 1935 Sheria ya Hifadhi ya Udongo ilitiwa saini. Iliunda Idara ya Hifadhi ya Udongo chini ya Wizara ya Kilimo, na Bennett akawa mkuu wake.

Upangaji wa matumizi ya ardhi

Chini ya uongozi wa Bennett, idara iliweka utaratibu wa kugawa ardhi katika madaraja 8 kulingana na uwezo wake. Daraja la kwanza hadi la nne ni ardhi inayoweza kulimwa, ila kadiri daraja linavyoshuka ndivyo tahadhari zinavyoongezeka. Daraja la tano hadi la saba ni ardhi ya malisho au misitu. Daraja la nane halifai kwa kilimo, malisho wala uvunaji wa miti. Huachwa kwa ajili ya wanyamapori na vyanzo vya maji.

Ili kuandaa mpango, ofisa alitembea shambani pamoja na mkulima akiwa na picha iliyopigwa kutoka angani. Waliweka alama za aina ya udongo, ukali wa mteremko na kiasi cha udongo uliokwisha kupotea. Baada ya hapo walijadiliana ni wapi palimwe, wapi pawe malisho na wapi papandwe miti. Kwa njia hiyo msitu ulihesabiwa kuwa sehemu ya shamba, unaompatia mkulima kuni na mbao na kulinda ardhi iliyo chini yake.

Mwaka 1937 Rais Roosevelt aliwaandikia magavana akiwahimiza kupitisha sheria za kuunda wilaya za hifadhi ya udongo. Wilaya hizo ziliongozwa na wakulima wa eneo husika, na idara iliwapa utaalamu. Ya kwanza, iliyoitwa Brown Creek, iliundwa Agosti 1937 katika Kaunti ya Anson alikozaliwa Bennett. Mwaka 1942 idara ilikabidhiwa pia mradi wa mikanda ya miti ya kuzuia upepo, ambao ulipanda miti zaidi ya milioni 200 katika Tambarare Kuu.

Athari nje ya Marekani

Bennett aliandika vitabu, kikiwemo kitabu kikubwa cha hifadhi ya udongo kilichotoka mwaka 1939. Mwaka 1944 alitembelea Afrika Kusini kwa mwaliko wa serikali na kuandika taarifa kuhusu mmomonyoko na matumizi ya ardhi. Nchi hiyo ilipitisha sheria yake ya hifadhi ya udongo mwaka 1946.

Habari za vumbi la Marekani ziliwashtua pia maofisa wa kilimo katika makoloni ya Uingereza, na mbinu za huko ziliigwa Afrika Mashariki. Lakini mara nyingi kilichochukuliwa ni matuta, si makubaliano na mkulima. Wananchi walilazimishwa kuchimba, na waliokataa waliadhibiwa. Katika eneo la Murang'a nchini Kenya, wanawake walipinga kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940. Katika milima ya Uluguru nchini Tanganyika, wakulima walilalamika kwamba matuta ya ngazi yalifukua udongo wa chini usio na rutuba. Upinzani wao ulizuka wazi mwaka 1955, na mpango huo ukaachwa. Kwa muda mrefu baadaye, hifadhi ya udongo ilikumbukwa na wengi kama kazi ya shuruti.

Ukosoaji

Si kila ushauri wa idara ya Bennett ulikuwa na matokeo mema. Katika majimbo ya kusini idara ilihimiza upandaji wa kudzu, mmea unaotambaa uliotoka Asia ya Mashariki, na wakulima walilipwa ili waupande kwenye makorongo. Mmea huo ulishika udongo, lakini ulienea kupita kiasi, ukafunika miti na kuiua. Leo unahesabiwa kuwa gugu vamizi.

Miaka ya mwisho na urithi

Bennett aliacha uongozi wa idara mwaka 1951. Alifariki tarehe 7 Julai 1960 katika jimbo la Carolina Kaskazini, akazikwa katika Makaburi ya Kitaifa ya Arlington.

Mwaka 1994 idara aliyoianzisha ilibadilishwa jina na kuwa Idara ya Hifadhi ya Maliasili. Wilaya za hifadhi zinazoongozwa na wenyeji sasa zinakaribia 3,000. Mfumo wa madaraja ya uwezo wa ardhi umetumika katika nchi nyingi, na wanafunzi wa kilimo na misitu wangali wanaufundishwa.