Daktari John Cade na Dawa ya Lithiamu

Yuko mgonjwa ambaye kwa majuma mazima halali usiku, husema bila kupumzika, hutapanya mali yake na kujiona mkuu kuliko wote. Baadaye hujifungia ndani kwa huzuni, hata akatamani kufa. Majirani husema amerogwa, au imani yake ni haba. Sivyo. Huo ni ugonjwa, nao huitwa baipola. Aliyefungua njia ya kuutibu ni Daktari John Cade wa Australia.

Cade alizaliwa tarehe 18 Januari 1912 huko Murtoa, mji mdogo wa jimbo la Victoria. Baba yake, daktari, alikuja kufanya kazi katika hospitali za wagonjwa wa akili, na jamaa yake wakakaa humo humo hospitalini. Hivyo John alikua akiwaona wagonjwa hao kila siku kama majirani. Naye akasomea udaktari mjini Melbourne.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja alikwenda jeshini. Singapore ilipoanguka Februari 1942 alitekwa na Wajapani, akakaa kifungoni Changi zaidi ya miaka mitatu. Alirudi akiwa na wazo kwamba huenda chanzo cha wazimu kimo mwilini.

Katika hospitali ya Bundoora alifanya uchunguzi wake ndani ya stoo ya jikoni iliyoachwa. Alitumia simbilisi, wale wanyama wadogo wafugwao kama sungura. Alitafuta sumu katika mkojo wa wagonjwa, asiipate. Lakini aliona kwamba chumvi ya lithiamu iliwatuliza wanyama wale. Akaimeza yeye mwenyewe kwanza. Machi 1948 akampa mwanamume mmoja wa miaka 51, ambaye wazimu ulikuwa umempanda miaka mitano. Katika majuma machache alitulia, na Julai akatoka hospitalini, akarudi kazini kwake. Mwaka 1949 Cade aliandika habari za wagonjwa kumi waliokuwa katika hali hiyo.

Lakini mtu yule alipojiona mzima aliacha dawa. Baada ya miezi kama sita akarudishwa hospitalini, hali yake kama zamani. Akapewa lithiamu tena. Ila siku zile madaktari hawakuwa na desturi ya kupima kiasi cha dawa katika damu, na mwaka 1950 akafa kwa sumu ya dawa ile ile iliyomsaidia. Cade aliiacha kwa muda.

Wengine waliiendeleza, hasa Mogens Schou wa Denmark, aliyetoa matokeo yake mwaka 1954. Kupima damu kulipokuwa desturi, dawa ikatumika kwa usalama zaidi, na Marekani iliiruhusu mwaka 1970. Cade aliongoza hospitali ya Royal Park, Melbourne, kuanzia 1952 hata 1977, akafariki tarehe 16 Novemba 1980.

Mgonjwa yule wa kwanza atufundishe. Anayetumia lithiamu asiiache kwa sababu amepata nafuu, wala kwa sababu ameombewa. Aende kupimwa damu kwa siku alizopangiwa, na figo na tezi ya shingo pia. Anywe maji ya kutosha, wala asipunguze chumvi ya chakula ghafula. Asimeze dawa za maumivu kama ibuprofen au diclofenac, wala dawa za kuongeza mkojo, bila kumwuliza daktari. Akitapika, akihara, akitetemeka sana, akiyumba au ulimi ukiwa mzito, apelekwe hospitali siku ile ile. Mwanamke anayetazamia kupata mtoto amweleze daktari mapema, maana dawa nyingine ya ugonjwa huu, valproate, huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Nasi jirani tusimcheke wala tusimfunge kamba. Tumwombee, na tumsindikize kliniki.