Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka

Wasomaji wa gazeti letu, napenda kuwasimulia maisha ya Marehemu Benedicto Kiwanuka, Mganda wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Uganda. Huenda wengine watauliza, mtu wa Uganda anatuhusu nini sisi wa Kibiti? Na wavumilie kidogo.

Kiwanuka alizaliwa mwaka 1922 katika wilaya ya Masaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia jeshini, akafika Misri na Palestina. Aliporudi alipata kazi ya ukalimani katika Mahakama Kuu. Nadhani hapo ndipo alipoipenda sheria, kwa maana mkalimani hana budi kuyasikiliza maneno ya kila upande. Akaenda kusoma Basutoland, nchi iitwayo leo Lesotho, kisha London, na mwaka 1956 akawa mwanasheria kamili.

Mambo ya siasa nitayapita upesi. Alikiongoza chama cha Democratic Party, akashinda uchaguzi wa 1961, na tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Hakukaa sana. Mwezi wa Aprili alishindwa na upande wa Milton Obote, na Uhuru wa mwezi wa Oktoba ukamkuta hana cheo. Mwaka 1969 serikali ya Obote ikamtia kizuizini.

Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na Kiwanuka akafunguliwa. Mwezi wa Juni Amin akamfanya Jaji Mkuu. Sasa, kwetu kwenye delta ya Rufiji, mtu akikuvusha mto wakati wa masika, deni lile halimaliziki kwa nauli. Hata wajukuu hukumbushwa. Naye Amin alikuwa amemvusha Kiwanuka mto mpana mno, kutoka kizuizini mpaka kwenye kiti cha juu cha sheria.

Ukaja mwezi wa Septemba 1972. Waasia walikwisha kupewa siku 90 waondoke nchini, na tarehe 17 wafuasi wa Obote waliingia Uganda kwa silaha kutoka huku kwetu Tanzania. Askari walikuwa wakikamata watu wapendavyo. Katika siku hizo Mwingereza mmoja alikamatwa, na shauri lake likapelekwa Mahakama Kuu. Sheria yenyewe ni ya zamani na ni nyepesi kuielewa: anayemzuia mtu amlete mbele ya jaji, aonyeshe ni sheria gani iliyompa ruhusa. Asipoweza, mtu huyo aende zake.

Kiwanuka alilisikiliza shauri yeye mwenyewe. Akaamua kwamba kukamatwa kule hakukuwa halali, akaamuru mtu yule aachiliwe.

Asubuhi ya tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamtoa Jaji Mkuu, wakamtia katika motokaa, na watu wanatazama. Hakuonekana tena. Inaaminika kwamba aliuawa katika gereza la kijeshi la Makindye.

Nilipowasimulia wenzangu bwenini, wawili walisema kwamba Kiwanuka hakuwa na shukrani, maana alikula chumvi ya mtu kisha akamgeuka. Mimi nilijibu kwamba mtu hulipa fadhila kwa mali yake mwenyewe. Uhuru wa yule mfungwa haukuwa mali ya Kiwanuka hata autoe kulipia deni lake. Hatukupatana, na taa zikazimwa tukibishana.

Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa pamoja nao tarehe 11 Aprili 1979, na Amin akakimbia. Kaburi la Kiwanuka halikupatikana. Mwaka 2018, tarehe 21 Septemba, Mahakama ya Uganda ilianzisha mhadhara wa kumkumbuka, akazungumzwa na majaji katika mji ule ule alimochukuliwa.