JOSEPH CHAMBERLAIN: MEYA WA MAJI, TAA NA SHULE

Hebu niwasimulie habari za Joseph Chamberlain wa Uingereza.

Alizaliwa London mwaka wa 1836. Aliacha shule akiwa na miaka 16, yaani umri wangu huu, akaingia katika biashara ya baba yake. Baada ya miaka miwili alitumwa Birmingham kwenye kiwanda cha skrubu, na huko akatajirika.

Wakati huo watoto wengi wa maskini hawakusoma. Mwaka wa 1869 Chamberlain na wenzake waliunda chama cha kudai elimu ya lazima isiyo na karo. Mwaka huohuo akachaguliwa diwani. Mwaka wa 1873 akawa mwenyekiti wa bodi ya shule za mji, kisha meya hadi 1876.

Basi kazi ikaanza! Kampuni mbili za gesi ya kuwashia taa zilinunuliwa zikawa mali ya mji, na faida ikabaki kwa wananchi. Maji nayo yakanunuliwa, kwani watu walikuwa wakinywa maji machafu ya visima na kufa kwa maradhi. Maji hayo hakutaka yaletee mji faida, ila afya. Karo ya shule za msingi ilipoondolewa karibu kote Uingereza mwaka wa 1891, yeye alikuwa miongoni mwa waliopigania jambo hilo.

Sisi wa shule ya kutwa tunamwelewa upesi. Shule bila njia salama ya kurudi nyumbani jioni ni nusu shule.

Lakini kuna upande wa pili. Alipobomoa mitaa ya mabanda ili kujenga barabara kubwa, maskini wengi hawakupewa nyumba nyingine. Mwishoni mwa 1902, akiwa Waziri wa Makoloni, alishuka hapa Mombasa akapanda gari la moshi kwenda bara. Mwaka uliofuata akatoa wazo Wayahudi walioteswa Urusi wapewe ardhi huku kwetu. Wenyeji je, waliulizwa? Wapi! Bahati nzuri, mpango huo haukufaulu.

Alifariki mwaka wa 1914. Wahenga walisema mgala muue na haki yake mpe. Kwa maji, taa na shule, nampa haki yake. Hata hivyo, mimi naona kiongozi apimwe pia kwa jinsi anavyowatendea wale wasioweza kumpigia kura.