Paul Ehrlich, mtu wa dawa namba 606

Msikilizaji wetu, leo ukikutwa na kaswende mapema, unachomwa sindano ya penisilini na kurudi shambani. Zamani mgonjwa alipakwa zebaki kwa miezi mingi. Zebaki ni sumu: meno yalilegea, na mara nyingi ugonjwa ulibaki palepale. Wengine waliishia kupooza au kurukwa na akili. Aliyefungua njia nyingine ni daktari Mjerumani, Paul Ehrlich.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji wa Strehlen, ambao leo uko Poland. Akisomea udaktari alivutiwa na rangi za viwandani, zile za kutia nguo. Chini ya hadubini aliona rangi moja ikishika chembe fulani za mwili na kuziacha nyingine. Akajiuliza: kama rangi huchagua pa kushika, kwa nini dawa isichague kijidudu na kumwacha mtu salama? Mwaka 1891 alijaribu rangi ya buluu kwa wagonjwa wawili wa malaria, wakapata nafuu. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake kuhusu kinga ya mwili.

Hapa kisa kinafika kwetu. Mwaka 1906 Robert Koch alikuja visiwa vya Ssese, Uganda, watu wakifa kwa malale. Aliwachoma dawa iitwayo atoksili, yenye aseniki ndani yake. Vimelea vilipungua kwenye damu, lakini baadhi ya wagonjwa walipofuka.

Kule Frankfurt, Ehrlich na mkemia Alfred Bertheim waligundua jinsi atoksili ilivyoundwa. Wakijua hivyo, waliweza kuibadili: wanatoa hiki, wanaongeza kile, kisha wanajaribu kwa wanyama. Walitengeneza mamia ya dawa. Namba 606 ilitengenezwa mwaka 1907, ikaonekana haifai, ikawekwa kando. Mwaka 1909 alifika Sahachiro Hata kutoka Japani, akarudia majaribio moja baada ya jingine bila kuchoka. Sungura wenye kaswende waliochomwa 606 walipona.

Kabla ya kuuzwa, dozi zipatazo 65,000 zilitolewa bure kwa madaktari ili waijaribu. Mwishoni mwa 1910 ikaingia sokoni kwa jina la Salvarsan. Vidonda vilikauka kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana.

Lakini ilikuwa dawa ngumu. Unga wake uliharibika ukipata hewa, na ulitakiwa kuchanganywa kwa uangalifu. Wapo walioumia, na wapo waliokufa. Lawama zikamwangukia Ehrlich, kesi ikafika mahakamani mwaka 1914. Yeye aliendelea kukusanya taarifa za madhara, na mwaka 1912 alikuwa tayari ametoa dawa nyingine iliyo rahisi kutumia.

Alifariki tarehe 20 Agosti 1915. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, utawala wa Hitler uliondoa jina lake kwenye mtaa wa Frankfurt. Baada ya vita likarudishwa.

Penisilini ilichukua nafasi ya 606 miaka ya 1940. Somo lake limebaki: dawa na sumu ni majirani, kinachotenganisha ni kipimo na mtu anayejua kukipima. Ukipewa dozi, ifuate kama ulivyoelekezwa. Ukiona mwili umebadilika, usinyamaze nyumbani, rudi zahanati ukaseme.