Mtu wa Chumvi na Makaa ya Mawe

Nilipotakiwa kuandika maisha ya mtu mashuhuri, wengi walidhani nitamchagua mshairi wa Lamu. Nisameheni. Nimemchagua Mswidi aliyefariki mwaka 1927, ambaye huku kwetu Shela hajulikani kabisa. Sababu ni kisima cha nyumbani. Kaskazi ikikaza, maji yake huingia munyu, na bibi ameacha kuyapikia chai. Nikataka kujua kulikoni, na kila nilikopekua jina lake likajitokeza.

Svante Arrhenius alizaliwa tarehe 19 Februari 1859 karibu na mji wa Uppsala, Uswidi. Baba yake alikuwa mpima ardhi. Inasimuliwa kwamba alijifunza kusoma akiwa na miaka 3 tu, na hesabu aliipata kwa kuchungulia madaftari ya baba yake. Chuoni hakuridhika na mafunzo, akahamia Stockholm mwaka 1881.

Mwaka 1884 alipeleka tasnifu yake Uppsala, kuhusu jinsi umeme unavyopita katika maji yenye chumvi. Wazo aliloanza nalo humo, akalikamilisha baada ya miaka 3, ni kwamba chumvi ikiyeyuka huvunjika vipande vidogo vyenye umeme, viitwavyo ayoni. Maprofesa hawakupendezwa hata kidogo, wakampa alama ya chini mno. Basi yeye akatuma nakala kwa wataalamu wa nchi nyingine, na mmoja wao, Wilhelm Ostwald, akafunga safari kutoka Riga kuja kumwona! Mwaka 1903 kazi hiyo ikamletea Tuzo ya Nobel ya kemia. (Wenzangu wa nyuma ya darasa, msije mkaitumia hadithi hii kujitetea kwa mwalimu.) Hata leo maji ya kisima yakipimwa chumvi, hutazamwa yanapitisha umeme kiasi gani.

Lakini nililolifuata mimi ni jambo la pili. Mkesha wa Krismasi mwaka 1894 Arrhenius aliketi na kalamu kuanza hesabu ndefu. Alitaka kujua kwa nini zamani sehemu kubwa ya Ulaya ilifunikwa na barafu. Ilishajulikana kwamba mwanga wa jua hupenya hewani bila taabu, lakini joto linaporudi kutoka ardhini huzuiwa na mvuke wa maji na hewa ya ukaa, kama shuka inavyozuia joto la aliyelala. Je, shuka ikiongezwa unene? Aliigawa dunia vipande vipande, kutoka kaskazini hadi kusini, akapiga hesabu ya kila kipande kwa kila msimu. Hakukuwa na kompyuta. Ilimchukua karibu mwaka mzima, na katika muda huo ndoa yake na Sofia Rudbeck ikavunjika.

Majibu yalichapishwa mwezi Aprili 1896. Hewa ya ukaa ikizidi mara mbili, joto la dunia litapanda kwa nyuzi 5 au 6. Wanasayansi wa leo wanakadiria karibu nyuzi 3, kwa hiyo alizidisha, ila njia aliishika. Aliona pia kwamba makaa ya mawe yanayochomwa viwandani yanaongeza hewa hiyo.

Hapa sasa ndipo ninapogombana naye. Yeye alifurahi! Mtu wa nchi ya baridi, aliona joto litaleta mavuno mengi, tena alifikiri mambo yatakwenda polepole mno. Watu wa pwani ya joto hakuwafikiria. Na lisifichwe: alikuwa pia katika uongozi wa chama cha Uswidi kilichopanga watu kwa mbari, bora na duni. Akili yake naistahi, hilo silistahi.

Mambo hayakwenda polepole. Wakati wake hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 295 katika milioni. Sasa imepita 420. Mwaka 1998 bahari ilipata joto hadi matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe na mengi yakafa. Nacho kisima chetu hunywa mvua inayochujwa na vilima vya mchanga vya Shela. Maji hayo matamu huelea juu ya maji ya bahari chini ya ardhi. Bahari ikipanda, au mvua ikikosa, au tukiteka kupita kiasi, munyu hupanda. Kwa kisima chetu siwezi kuapa ni sababu ipi. Huenda ni zote.

Makaa ya mawe nayo yalitaka kuja Lamu. Ilipangwa mitambo ya umeme ya megawati 1,050 huko Kwasasi, hadi tarehe 26 Juni 2019 mahakama ya mazingira ilipofuta kibali chake baada ya wananchi kulalamika. Mikoko tunayo, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na matope yake huficha ukaa mwingi. Vilima navyo tumeachiwa, maadamu hatuvijengi nyumba.

Arrhenius alifariki Stockholm tarehe 2 Oktoba 1927, akazikwa Uppsala. Bibi nimemsimulia habari zake zote. Aliniuliza kama huyo bwana aliwahi kunywa chai ya munyu.