Niels Bohr na Wageni Wake

Wenzangu, napenda kuwasimulia habari za Niels Bohr, bingwa wa sayansi aliyezaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1885. Mwaka 1922 alipewa Zawadi ya Nobel kwa kueleza jinsi atomu ilivyoundwa. Tangu 1932 yeye na mkewe Margrethe walikaa katika nyumba ya heshima ya Carlsberg. Huko waliwakaribisha mabingwa wa nchi nyingine pamoja na wanafunzi, wakala bila makuu na kubishana bila kuogopana. Bohr hakuona haya kukiri mbele ya vijana kwamba hajaelewa. Mwaka 1943 Wajerumani, waliokuwa wameiteka Denmark, walianza kuwakamata Wayahudi. Mama yake alikuwa Myahudi, basi akakimbilia Uswidi. Alirudi mwaka 1945, akafariki 1962. Nasi tukiletewa mgeni mwenye elimu, tusile kimya, tumwulize.