Laennec, daktari aliyewafundisha wenzake kusikiliza mapafu

Ukienda zahanati na kikohozi, kuna jambo hutokea karibu kila mara. Daktari hupachika stetoskopu masikioni, huweka kisahani chake mgongoni mwako na kukuambia uvute pumzi ndefu. Sisi watangazaji tunaishi kwa masikio ya watu, ndiyo maana leo tunawasimulia habari za mtu aliyeanzisha usikilizaji huo, Mfaransa René Laennec.

Laennec alizaliwa tarehe 17 Februari 1781 katika mji wa Quimper, eneo la Bretagne, magharibi mwa Ufaransa. Alikuwa na miaka mitano tu mama yake alipofariki. Baadaye alilelewa na ami yake, daktari katika mji wa Nantes, na akiwa na miaka 14 akaanza kujifunza udaktari huko, katikati ya misukosuko ya Mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1801 alikwenda Paris, akasoma kwa Jean-Nicolas Corvisart, aliyekuwa daktari wa Napoleon, na akahitimu mwaka 1804. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye afya dhaifu, na alipenda kupiga filimbi.

Ugonjwa uliofichwa na mbavu

Ili kuelewa alichokifanya, tuangalie kwanza kifua chenyewe. Hewa tunayovuta hupita puani na kooni, kisha huingia kwenye bomba la hewa. Bomba hilo hugawanyika mara mbili, upande mmoja kwa kila pafu, na matawi yake huendelea kugawanyika kama ya mti. Mwisho wake ni vifuko vidogo sana vya hewa, mamia ya mamilioni kwa hesabu. Hapo ndipo oksijeni huingia kwenye damu, na hewa chafu ya kabonidioksidi hutoka. Anayeendesha kazi hiyo hasa ni kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Ukishuka, hewa huingia. Ukipanda, hewa hutoka.

Yote hayo hufanyika nyuma ya mbavu, mahali jicho lisipofika. Enzi za Laennec hapakuwa na eksirei; ilikuja mwaka 1895. Daktari aliangalia makohozi, alishika mapigo, aligonga kifua kwa vidole au aliweka sikio lake kifuani mwa mgonjwa. Mara nyingi ukweli ulijulikana baada ya maiti kupasuliwa.

Karatasi iliyoviringishwa

Mwaka 1816, Laennec akifanya kazi katika hospitali ya Necker jijini Paris, aliletewa msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Kumgonga kifua hakukusaidia kwa sababu ya unene wake, na kumwekea sikio kifuani hakukuwa na staha. Laennec akakumbuka kwamba ukikwaruza ncha moja ya gogo kwa pini, mtu aliyeweka sikio ncha ya pili husikia vizuri. Akachukua karatasi, akaziviringisha kwa nguvu, akaweka upande mmoja kifuani na mwingine sikioni. Mapigo ya moyo yakasikika wazi kuliko alivyowahi kuyasikia.

Baadaye alichonga mrija wa mti na kuupa jina kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kifua na kutazama. Lakini kazi kubwa ilikuwa kujua kila sauti ina maana gani. Kwa takriban miaka mitatu alisikiliza wagonjwa na kuandika alichosikia. Mgonjwa akifariki, alifungua kifua na kulinganisha.

Hivyo akajifunza lugha ya mapafu. Nimonia ilitoa mchatuko kama wa chumvi juu ya kikaango cha moto, kwa kuwa vifuko vya hewa vimeingiwa na majimaji. Maji yakijaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, sauti ya mgonjwa ilitetemeka kama ya mbuzi. Na pale kifua kikuu kilipochimba pango ndani ya pafu, maneno ya mgonjwa yalisikika kama yanatoka kifuani moja kwa moja na kupanda kwenye mrija. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1819.

Zamu yake

Kazi hiyo ilimchosha, akarudi Bretagne kupumzika. Mwaka 1821 alirejea Paris, akawa profesa, na wanafunzi kutoka nchi nyingine wakamfuata. Mwaka 1826, akimalizia toleo la pili la kitabu chake, alishikwa na kikohozi na homa. Mpwa wake Mériadec, daktari pia, alimsikiliza kifua kwa mrija uleule. Alichosikia kilikuwa kile ambacho Laennec mwenyewe alikuwa amewafundisha madaktari kukitambua, kifua kikuu. Alifariki huko Bretagne tarehe 13 Agosti 1826 akiwa na miaka 45, na stetoskopu yake akamwachia Mériadec.

Laennec aliweza kuutambua ugonjwa uliomuua, lakini hakujua unatoka wapi na hakuwa na dawa yake. Kijidudu chake kiligunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, na dawa ya kwanza ya kukiua ikapatikana miaka ya 1940.

Sisi tunavyo vyote viwili. Kifua kikuu cha kawaida hutibika kwa dozi ya takriban miezi sita, mradi mgonjwa aimalize. Kwa hiyo ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukitoka jasho usiku au ukipungua uzito bila sababu, usisubiri. Nenda kituo cha afya upimwe makohozi.